Baridi ya Meru peke yake haitoi mvinyo mwekundu

KATIKA grosari za Sombetini, kuanzia Mbauda hadi Kwa Mrombo, chupa ya mvinyo mwekundu si bidhaa ngeni tena. Hununuliwa kwa ajili ya harusi, kipaimara na send-off, na zile za Afrika Kusini husimama rafu moja na za Dodoma. Za kutoka Mlima Meru hazipo.

Kwa mkulima wa Meru hali hiyo inaweza kuonekana ya ajabu. Baadhi ya mvinyo mwekundu unaouzwa ghali zaidi duniani hutoka sehemu za baridi, kama Burgundy nchini Ufaransa na Central Otago nchini New Zealand, ambako hulimwa zabibu aina ya Pinot Noir. Ubaridi hufanya tunda liive polepole na kubaki na uchachu wake, ndipo kinywaji kikawa chepesi na chenye harufu nzuri. Sasa Meru kuna baridi, Dodoma kuna joto. Iweje zabibu ziende Dodoma?

Jibu liko kwenye mvua. Dodoma hupata msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni kama milimita 600. Miezi mingine ni mikavu. Miteremko ya kusini ya Meru, yenye kahawa na migomba, hupata masika Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka, na katikati yake kuna mawingu ya Juni na Julai. Mzabibu kwenye unyevu wa namna hiyo hushambuliwa na ubwiri unga, ubwiri vinyoya na kuoza kwa vichala. Mkulima atapiga dawa mfululizo, na bei ya dawa anaijua.

Kuna suala la usingizi pia. Ulaya mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi, kisha huchipua wote kwa pamoja. Baridi ya Arusha haifikii hapo. Huku kwetu mkasi ndio unaouamsha mti: mkulima hupogolea, na baada ya takriban miezi minne huvuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zao la kiangazi ndilo lenye sukari nzuri. La wakati wa mvua husumbuliwa na magonjwa. Meru ingekuwa na dirisha moja jembamba la kuvunia, na hata hilo si la kila mwaka.

Mfano wa karibu wa mvinyo mwekundu wa nyanda za juu uko Kenya. Karibu na Naivasha, kwenye Bonde la Ufa, hutengenezwa mvinyo wa Leleshwa, ukiwamo wa zabibu aina ya Shiraz. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Arusha uko takriban mita 1,400. Lakini Naivasha ni kukavu kuliko miteremko ya kusini ya Meru, na aliyewekeza pale alikuwa na mtaji wa shamba, kiwanda na soko la hoteli. Huyo si mkulima wa ekari moja.

Kodi si kikwazo. Mwaka 2017 ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ulishushwa kutoka shilingi 202 hadi 200 kwa lita, wakati ule usiotimiza sharti hilo ulipanda hadi shilingi 2,349. Kwa chupa ya mililita 750, tofauti ilikuwa shilingi 150 dhidi ya takriban 1,760. Zabibu za Meru zingepata nafuu hiyo hiyo.

Kikwazo ni mnunuzi. Hata Dodoma, yenye viwanda, kilio cha wakulima kwa miaka mingi kimekuwa soko. Zabibu za mvinyo hazisubiri: zikishaiva, siku chache tu sukari na uzito vinaharibika, na mwenye kiwanda anajua hilo anapotaja bei. Mkulima wa Meru angelazimika kusafirisha tunda laini zaidi ya kilomita 400 hadi huko. Hapo hakuna biashara.

Tena mzabibu huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa zao la maana, huku nguzo, waya na mipira ya umwagiliaji wa matone vikiwa vimelipiwa siku ya kwanza.

Wakati huo huo Arusha ina mvinyo wake, ingawa si wa zabibu. Kampuni ya Banana Investments, iliyoanza miaka ya 1990, hutengeneza vinywaji vya ndizi, Raha ikiwa mojawapo. Mgomba tayari uko shambani, hauhitaji nguzo wala waya, na ndizi ikikosa kiwanda hupelekwa sokoni au kwenye mbege. Zabibu za mvinyo hazina njia ya pili kama hiyo.

Mwenye hamu ya kujaribu afanye hivyo upande mkavu, kuelekea Oldonyo Sambu, kwa mistari michache tu, akianza na zabibu za kula ambazo zinaweza kuuzwa kwa kilo Mbauda au Soko Kuu. Miche na ushauri vipo kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma.