Sauti Moja Uwanjani Garsen

Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Msemo huu hunijia kila nitazamapo vijana wa Garsen wakisakata kabumbu. Mbio wanazo, mashuti wanayo. Wakosalo ni kwenda pamoja.

Litazameni jambo la kuotea. Tangu 1925 sheria yataka wapinzani wawili, aghalabu kipa akiwa mmoja wao, wawe baina ya mshambuliaji na mstari wa goli. Na tangu 1990 akilingana na wa pili hana kosa. Basi mabeki wanne wakipanda kwa pamoja kabla pasi haijapigwa, mshambuliaji huachwa ameotea. Mmoja akichelewa hatua moja tu, mtego umefumuka na kipa yu peke yake.

Wamarekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi, hulifanya hili somo la kila siku: mmoja huita, na wenziwe huondoka kwa neno waliloafikiana. Atakayetangulia, timu yake hurudishwa yadi 5.

Kwetu si jambo geni. Wapiga makafi na wavuta jarife huujua wito. Na msikitini sote twajua: maamuma hamtangulii imamu.

Lakini wito uwe wa nani? Hapa ndipo penye uzito. Uwanjani mna Mpokomo, Muorma, Mgiriama na Mbajuni, na mchezo ukichacha kila mmoja humwita nduguye kwa lugha ya nyumbani. Asiyeielewa husimama. Rai yangu: neno liwe moja, fupi, la Kiswahili, kama "Panda!", na sauti iwe ya beki wa kati auonaye uwanja wote, si ya kocha wala mashabiki. Waanze kwa kutembea bila mpira, kisha mbio, kisha kocha awatilie miito ya hadaa hata masikio yazoee kuchagua.

Tusidhani ni mchezo tu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika Delta ya Tana, katika ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya ardhi, malisho na maji. Watoto wa siku zile ndio vijana wa leo. Mpira hautagawa malisho. Ila kijana apigaye hatua bila kugeuka kumchungulia mwenziwe wa kabila jingine, kwa kuwa ana yakini naye amepiga, amejifunza jambo ambalo mabaraza mengi hayakuweza kumfunza.

Enyi makocha wa Tana River, anzeni na sikio, miguu itafuata.