Kabla hujalipia app ya mauzo, panga daftari lako

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongea jambo ambalo wauza mifumo hawatalipenda. Wengi wetu oda zikizidi tunakimbilia kulipia app, tukidhani itaondoa vurugu. Haiondoi. Ukiingiza vurugu unatoa vurugu ileile, tofauti ni kwamba sasa unailipia kila mwezi.

Na usidhani ni shida ya wadogo tu. Oktoba 2020 huko Uingereza, wagonjwa wa Corona karibu 16,000 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati. Sababu? Majibu yao yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikakatwa kimyakimya, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Serikali nzima, na pesa ilikuwepo! Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema: hizi taarifa zitakaa wapi, na kwa mpangilio gani?

Kwetu sisi makosa yanayokula pesa ni haya matatu.

1. Mteja mmoja, majina matatu. Umeandika "Mama Asha", kule "Asha M", kwingine "Asha wa Kinondoni". Siku ya kudai, deni lake liko vipandevipande. Utasema namba ya simu inatosha. Haitoshi, watu wanabadili laini, na laini iliyoachwa anaweza kupewa mtu mwingine. Mpe kila mteja namba yako mwenyewe: M001, M002. Simu ibaki taarifa ya kawaida, ikibadilika unairekebisha sehemu moja, basi.

2. Kila kitu kwenye kijisanduku kimoja. "Gauni jekundu XL 2, viatu 38, kalipa nusu, boda Mbagala." Ukisoma unaelewa, lakini huwezi kujumlisha. Mteja akiuliza XL nyekundu zimebaki ngapi, unaanza kuhesabu stoo. Rangi iwe na safu yake, saizi yake, idadi yake. Oda ikiwa na vitu vitatu, andika mistari mitatu yenye namba moja ya oda.

3. Bei ya leo kufuta bei ya jana. Hili ndilo baya kuliko yote, maana halionekani. Umeuza magauni 40 kwa 25,000, ukapata milioni moja. Mwezi unaofuata unapandisha hadi 30,000. Kama jedwali lako la oda linavuta bei kutoka kwenye orodha ya bidhaa, yale 40 ya zamani nayo yanageuka 30,000. Sasa unaona umeuza milioni moja na laki mbili. Laki mbili hewa! Ukizipangia mzigo mpya, unakula mtaji.

Wataalamu wa kanzidata hufundisha kwamba taarifa moja ikae sehemu moja. Ni kweli, ila wengi wanaishika vibaya. Bei ya sasa na bei uliyouzia ni taarifa mbili tofauti. Ya sasa inakaa kwenye orodha ya bidhaa. Uliyouzia inaandikwa kwenye oda, na haiguswi tena.

Kuna atakayesema, "Mimi nina oda tano kwa siku, daftari la mkono linanitosha." Sawa kabisa, baki nalo. Lakini ligawe sehemu tatu: wateja, bidhaa, oda. Ukizoea mpangilio huo, siku ukihamia kwenye app ni kazi ya kunakili tu. Usipozoea, utahamisha matatizo.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla ya kupakua chochote, chukua oda zako kumi za mwisho uzipange hivyo. Ukikwama kwenye moja, andika hapo chini tuipange pamoja.