Hofu ya Mtoto Ndiyo Silaha ya Mlaghai



Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Isha, mama mmoja alitubishia hodi akiwa na simu ya bintiye mkononi. Binti ana miaka 15. Kwa muda alikuwa akizungumza mtandaoni na mtu aliyejiita msichana wa shule nyingine hapa Mombasa. Akamwamini, hata akamtumia picha yake akiwa hana mtandio. Kesho yake msichana yule akageuka: tuma pesa, la sivyo picha itamfikia baba yako na ustadhi wa madrasa. Mtoto akauza hereni zake, akalipa. Siku tatu baadaye akadaiwa tena.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba hakumwambia mtu. Alikwisha kulijua jibu: kunyang'anywa simu, na pengine bakora. Mlaghai hakuhitaji ufundi wowote wa kompyuta. Ilimtosha kujua kwamba mtoto anawaogopa wazee wake kuliko anavyomwogopa yeye.

Tulimwambia mama asilipe tena hata shilingi, wala asifute kitu. Kwanza azipige picha skrini zenye mazungumzo, jina la akaunti na nambari iliyopokea pesa; ndipo aripoti akaunti ile, aifungie, na aende polisi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inawahusu watu wa namna hii. Aidha, nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Wako wazazi wanaotuuliza iwapo wazipekue simu za watoto usiku wamelala. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, nasi twaona kumnyemelea mtoto humfunza kuficha vyema zaidi. Usimamizi wa wazi ni jambo jingine: mkubaliane siku ya kumpa simu kwamba mtakaa pamoja kuitazama, na kwamba usiku italala sebuleni, pamoja na yenu.

Lipo pia kosa letu wenyewe. Instagram haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti, nasi ndio tunaomwandikia mtoto mwaka wa uongo ili afunguliwe. TikTok huzifanya akaunti za walio chini ya miaka 16 kuwa za faragha na kuwazuilia ujumbe wa siri, lakini kinga hiyo yatoka wapi ikiwa tumemwandika ana miaka 20? Tumemvua ngao kwa mikono yetu. (Tusizungumze kuhusu picha za Idi na sare za shule tunazozirusha kwenye vikundi vya ukoo, jina la shule likisomeka kifuani.)

Basi jioni moja juma hili, keti na mwanao mrekebishe tarehe hiyo, mfunge akaunti kwa wasiojulikana, na kwenye WhatsApp muweke kwamba walio katika orodha yake pekee ndio wawezao kumtia kikundini. Mwache yeye akuonyeshe njia. Wengi wetu hatuijui.

Mama yule alikwenda kituoni asubuhi, bintiye akiwa kando yake. Vitisho viwili vilikuja kwa akaunti nyingine, havikujibiwa, kisha kukawa kimya. Hereni hazijapatikana.