*KIKAO CHA NIDHAMU SI CHA KUGONGA MUHURI*

Ndugu wanachama wa Tawi,

Kundi letu limechangamka tangu mwenzetu mmoja, mtunza ghala, aachishwe kazi. Aliitwa ofisini saa nne asubuhi, akaambiwa kuna upotevu wa mali, na saa sita mchana akakabidhiwa barua. Barua yenyewe ilikuwa na tarehe ya jana yake. Baadhi yenu mkaandika humu: "Kama kaiba, kikao cha nini?" Kamati imeona swali hilo tusilinyamazie.

Sisi hatujui nani alichukua mali hiyo, wala hatusemi mwenzetu ni malaika. Tunachosema ni kwamba hata mwajiri hajui, kwa sababu hakuuliza. Funguo za ghala ziko mikononi mwa watu wangapi? Zamu ya usiku alikuwepo nani? Mzigo ulihesabiwa wakati wa kupokelewa, au hesabu ilichukuliwa tu kwenye karatasi za dereva? Maswali hayo hujibiwa kwenye kikao. Bila kikao, anayefukuzwa ni yule aliye karibu, na mwizi halisi huenda kesho akaingia kazini kama kawaida.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kukaa na mwizi. Inamtaka awe na sababu halali na ya haki, na pia afuate utaratibu wa haki. Kimoja hakifuti kingine, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo: uchunguzi kwanza, kisha tuhuma zitolewe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaielewa (mlinzi kupewa barua ya Kiingereza kitupu ni kumfanyia mzaha), kisha muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48. Aruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Ahoji mashahidi, alete wake. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio. Hata akikutwa na kosa, asikilizwe kabla ya adhabu kupangwa.

Kuna wanachama wetu wenye mashine za kusaga, baa na magari ya abiria. Nanyi mmesema utaratibu huu ni wa makampuni makubwa. Hapana. Kikao cha watu wanne chini ya mwembe, chenye muhtasari ulioandikwa vizuri, kina nguvu kuliko barua yenye nembo iliyotoka bila mtu kusikilizwa. Na mkipelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muhtasari huo ndio utakaowatetea.

Lililotuudhi zaidi katika suala hili ni karatasi ya pili. Mwenzetu alitakiwa asaini kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, ati ili alipwe haraka. Hakusaini, na alifanya vyema. Ukishasaini karatasi ile, unajipa kazi ngumu ya kueleza baadaye kwamba hukuachia ngazi mwenyewe. Omba uondoke nayo, uisome na mtu unayemwamini.

Siku zinahesabika. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa kabla hata hujasikilizwa. Walio chini ya miezi sita kazini wajue kwamba kinga hii haiwahusu, na watumishi wa umma wana njia yao ya rufaa.

Jumamosi saa tatu asubuhi kamati itakaa ofisi ya Tawi kupitia barua za wanachama. Njoo na mkataba, hati za mshahara na karatasi yoyote uliyopewa. Picha za barua msizitume humu kundini, zina majina ya watu.

Imetolewa na
Kamati ya Utendaji ya Tawi