Bomba Livujalo na Karani Alitazamaye



Mara nyingi ukurasa huu hunena habari za mishahara, vyeo na likizo, nazo ni habari zistahilizo kunenwa. Mwezi huu twaomba ruhusa ya kunena juu ya kitu kidogo mno, yaani kipande cha mpira kisichozidi upana wa kidole gumba, kikaacho ndani ya koki ya maji nyumbani mwa kila mmoja wetu aliyebahatika kuwa na bomba.

Twasema aliyebahatika, nasi twajua tusemalo. Nchi hii ya Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Wazee waliotusimulia habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyoanza mwaka 1917, hawakuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Hapa hapa Mvumi, katika mwaka 1986, watu waliamriwa kuwaondoa ng'ombe wao, chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HADO, ili udongo uliokuwa ukiliwa na makorongo upate kupona na majani yaote tena. Mgogo kuachana na ng'ombe wake! Ikiwa jirani zetu walitakiwa jambo zito namna ile kwa ajili ya ardhi, twaona ni aibu karani ashindwe kubadili kipande cha mpira kwa ajili ya maji.

Mwandishi wa maneno haya aliishi zamani katika nyumba za safu ambazo bomba lake la uani lilivuja muda wa miezi minne. Tulikuwa makarani watano, na wote tuna kalamu nzuri. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba barua imepokewa. Tukaandika ya kukumbusha, tukitaja nambari na tarehe ya ile ya kwanza. Maji hayakusoma hata moja. Usiku mmoja niliweka debe chini ya koki saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi nikalikuta limefika nusu. Basi ni debe zima kwa usiku na mchana, madebe 30 kwa mwezi. Asubuhi ile ile walipita njiani akina mama watatu watokao kisimani, kila mmoja na debe lake kichwani. Nikafanya hesabu ambayo sikuipenda: bomba letu lilikuwa likimwaga, kila siku ya Mungu, safari nzima ya mama mmoja.

Wako watakaosema kwamba matengenezo ni kazi ya mwenye nyumba, na kwamba karani akishika spana leo, kesho ataambiwa apake na chokaa. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Mita, na mabomba yaliyo nje yake, ni mali ya mamlaka ya maji, na mtu asiyaguse. Lakini koki tuifunguayo na kuifunga sisi wenyewe kila siku ni jambo jingine, na haki ya kudai haipotei kwa sababu maji hayakumwagika. Andika barua, weka nakala, kisha funga maji.

Wako na wengine wasiosema neno, lakini twawajua kwa weupe wa mashati yao. Hao huona kazi ya mikono kuwa ni ya watu wasiosoma. Sijui walijifunza wapi, maana shule za misheni zilizotulea wengi wetu zilitushikisha jembe asubuhi kabla ya kutushikisha kalamu.

Koki ya kuzungusha si chombo cha ajabu. Namna hii ilianza kutengenezwa huko Rotherham, Uingereza, katika mwaka 1845, na moyo wake haukubadilika sana tangu siku zile: skurubu husukuma kipande kidogo cha shaba, na chini ya kipande hicho pana washa ya mpira, ambayo hukalia tundu la maji na kuliziba. Washa hulika. Maji ya visima vyetu mara nyingi yana chumvi, na yakikatika kisha yakarudi huja na mchanga na kutu, vikaikwaruza. Ndipo mtu huikaza koki kwa nguvu zaidi. Hunyamaza siku mbili, halafu huvuja kuliko kwanza, kwa kuwa nguvu zile zimekwisha kuukata mpira. (Koki mpya za kuzungusha robo tu hazina washa ya namna hii, hizo hubadilishwa moyo mzima.)

Kabla ya yote funga maji kwenye vali iliyo karibu na mita au tangi. Hapo ndipo nilipokosa mimi mara ya kwanza. Maji yaliruka hata darini, na mke wangu hajasahau. Ukiisha kufunga, ifungue koki ili yaliyobaki yatoke. Shika kiwiliwili chake kwa mkono mmoja, ama kwa spana ya pili, bomba la ukutani lisije likajipinda, na kwa spana fungua kichwa chake kinyume cha mwendo wa saa. Kipande cha shaba kitatoka nacho, au kitabaki chini ukitoe kwa vidole. Washa imeshikwa kwa nati ndogo, ama imebanwa tu. Ichukue ile kuukuu dukani uilinganishe, maana koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi, lakini ya uani yaweza kuwa ya robo tatu. Ukiikosa, ngozi nene iliyokatwa vizuri itakusitiri siku kadhaa. Kabla ya kurudisha, papasa ukingo wa tundu kwa kidole: ukikuta chembe za chumvi, zisafishe, ukikuta mkwaruzo mkubwa, mwite fundi, kwa kuwa washa mpya juu ya kiti kibovu ni kazi bure. Na maji yakitoka juu, penye shingo ya mpini, kosa si la washa. Kaza kidogo nati ya shingo, au zungushia uzi mpya wa katani uliopakwa grisi.

Kazi yote haizidi nusu saa, na bei ya washa ni ndogo kuliko ya kikombe cha chai.

Chama kimenunua spana mbili na washa za vipimo vyote viwili, navyo viko kwa Katibu. Mwanachama yeyote aweza kuviazima Jumamosi baada ya saa 8 mchana, akitia sahihi daftarini. Washa hazirudishwi. Spana zirudishwe Jumatatu asubuhi, kwa kuwa ile ya kwanza tuliyoinunua mpaka leo haijulikani iko kwa nani.