Staa wa Karavani, Muombe Radhi Dereva wa Semi

Jamani, tusifanyane watoto. Kuna staa wetu mmoja wa mjini, jina kapuni ila mnaomfuatilia mshamjua, ameibuka wiki hii na kumbukumbu zake za korona. Anasimulia jinsi Machi 2020 alivyokuwa anakula bata Hispania na mchumba wake, ghafla nchi ikafungwa, ikabidi wawashe gari, waburuze karavani, wakatize Ufaransa mpaka nyumbani kwa mchumba Ujerumani. Picha kumi na machozi juu. Chini huko komenti ni "shujaa wetu" na mioyo kama yote.

Safari yake sina ugomvi nayo. Kwa asiyejua, karavani ni kinyumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari: kitanda, jiko, friji, mpaka choo kimo. Na kweli hali ilikuwa tete. Hispania ilitangaza hali ya dharura Machi 14, Ujerumani ikaanza kukagua watu mipakani Machi 16, na kesho yake Ufaransa ikasema hakuna kutoka nje bila karatasi yenye sababu. Kuogopa ilikuwa haki yake.

Ugomvi wangu ni klipu aliyoitupia Mei ya mwaka ule ule. Mnaikumbuka. Kajifunga taulo shingoni, anaigiza dereva wa semi yuko Tunduma anakohoa, halafu anasema hawa wabakie huko huko porini, wasituletee gonjwa mjini. Tukacheka, ikasambaa kwenye magrupu yote. Kiki ikapatikana.

Sasa tuulizane. Mwezi ule dereva wa semi alikuwa wapi na anafanya nini?

Alikuwa anarudi nyumbani. Kama wewe tu, staa. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na hapo safari ya Lubumbashi bado mbichi. Nyuma ya kiti kuna kigodoro, chini kuna dumu la maji na kijiko cha gesi. Choo ni kichaka, kuoga ni sheli ukikutana na mtu mwenye huruma. Hiyo ndiyo karavani yake, na hajaikodi kwa ajili ya likizo.

Halafu angalia tofauti. Machi 23, 2020 Kamisheni ya Ulaya ilitoa mwongozo kwamba lori la mizigo lisikae mpakani zaidi ya dakika 15, hata kupimwa afya kukiwemo. Dakika kumi na tano! Huku kwetu Mei ile Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakabaki yamepanga foleni upande wa Tunduma. Rwanda ikasema dereva wetu akifika Rusumo akabidhi gari kwa dereva wa kule aendelee nalo. Wakagoma, na nani angekubali? Gari umekabidhiwa kwa saini yako, mzigo ukipungua unadaiwa wewe. Mei 16 Kenya ikafunga mpaka wake na sisi, isipokuwa mizigo, na dereva lazima apimwe kwanza asubiri majibu. Namanga pakawa kama stendi siku ya Krismasi. Na tusijifanye malaika, mikoa yetu ya kaskazini nayo ikawarudisha madereva wa Kenya. Dereva kapigwa danadana kila upande.

Najua mtakuja na ile ya "lakini si kweli walikutwa nayo?" Ndiyo, wapo waliokutwa nayo. Anayepimwa ndiye anayekutwa, wadau. Sisi takwimu zetu za mwisho wakati ule zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21, baada ya hapo kimya. Dereva alikuwa anapimwa na serikali za watu, majibu yanatangazwa, na nchi yake inatajwa. Mimi na wewe tuliokuwa tunabanana kwenye mwendokasi hatukupimwa na yeyote, ndiyo maana tulionekana wazima.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba klipu ilichekwa sana Kariakoo. Kariakoo hii! Mtaa wa Congo, Msimbazi, Aggrey, watu wanaishi kwa mteja wa Lusaka na Lubumbashi. Viatu, vitenge, vifaa vya simu, mzigo ukishafungwa haujipeleki wenyewe. Semi inaupeleka, ikirudi inabeba shaba mpaka bandarini. Mpaka ulipofungwa, wauzaji wale wale waliokuwa wanaigiza kikohozi ndio waliokuwa wanauliza gari limefika wapi. Wabeba mizigo wakakaa juu ya mikokoteni yao mchana kutwa wakicheza bao.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja anaendesha njia ya Congo. Alirudi mwezi ule kakonda. Majirani wakawakataza watoto wao kucheza na wanawe, na kuna kijana wa kibanda cha chipsi kila mzee akipita anaichezesha ile klipu kwa sauti ya juu. Mzee hakusema kitu, ila akaanza kupitia njia ya nyuma, karibu na mtaro. Yeye hakuwa na wafuasi wa kumuandikia "shujaa".

Mashabiki wa staa mtasema ulikuwa utani, mbona nakuza mambo. Sawa. Basi mtu achukue zile picha za karavani, aigize huyo dada anakohoa mpakani mwa Ujerumani, aseme abakie huko huko. Tuone nani atacheka na nani atatishia kwenda polisi.

Simdai pesa wala simtaki alie tena mbele ya kamera. Mpaka naandika hapa ile klipu ya Mei 2020 bado ipo kwenye ukurasa wake, ukishuka chini kidogo tu baada ya picha za Hispania. Aishushe, aandike mistari miwili ya kuwaomba radhi wale wazee, kwa Kiswahili, siyo kile Kiingereza chake cha matangazo.