Mgeni Asiyejulikana Aketishwe Dakani

Wiki hii nalijibu suali la mama mmoja. Kijana wake amekuja nyumbani na flashi aliyopewa na rafikiye, na ndani yake mna programu ndogo inayodaiwa kuifungua bila malipo programu kubwa ya kuhariri picha, ambayo huuzwa ghali. Maelezo yaliyoandamana nayo yasema: zima kwanza ulinzi wa virusi, kisha uifungue. Kompyuta ni moja tu nyumbani. Imebeba hesabu za duka, kazi za shule za watoto wanne, na picha za marehemu babu yao zisizopatikana popote pengine. Mama auliza kama kuna njia ya kuijaribu programu hiyo pasi na kuhatarisha vilivyomo.

Njia ipo, nayo yaitwa sandboksi. Lakini haifai kuitumia kabla ya kujua inazuia nini.

Wengi hudhani kuwa programu mbaya huvunja mlango. Aghalabu haivunji kitu. Twaifungulia wenyewe, na ikishafunguliwa hufanya kazi kwa mamlaka yetu: kila faili tuwezayo kuisoma, kuibadilisha au kuifuta, nayo yaweza. Mwezi wa Mei 2000 barua pepe yenye kichwa cha ILOVEYOU, yaani "nakupenda", ilitoka Ufilipino ikaenea ulimwenguni kwa muda wa siku chache. Kiambatisho chake kilivishwa jina la barua ya mapenzi. Kwa kuwa Windows ilikuwa ikizificha herufi za mwisho wa jina la faili, watu waliona maandishi ya kawaida pale palipokuwa na programu. Waliobofya walikuta picha zao zimefutwa na mahali pake pamewekwa nakala za programu ile ile, na barua hiyo imekwisha tumwa kwa watu waliokuwamo katika orodha yao ya anwani. Walikuwa wamemkaribisha mgeni kwa mikono yao.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilielewa jambo hili kwa namna yao. Mgeni asiyefahamika hapitishwi moja kwa moja hadi ndani. Kuna daka lenye mabaraza, kisha kuna tekani, na njia imepindwa ili jicho la aliye mlangoni lisifike uani. Aketi hapo, anywe kahawa, aseme lililomleta.

Sandboksi ni daka la kompyuta. Jina lenyewe ni la kisanduku cha mchanga wanachochezea watoto huko Ulaya na Marekani. Hujenga na kubomoa watakavyo, na mchanga haumwagiki nje. Programu ikiendeshwa humo hudhani iko katika kompyuta kamili. Ikiandika, yaandika humo. Ikiharibu, yaharibu humo.

Wenye Windows 10 au 11 ya toleo la Pro tayari wanayo, tangu mwaka 2019, kwa jina la Windows Sandbox. Huwashwa katika orodha ya vipengele vya ziada vya Windows, kisha kompyuta huzimwa na kuwashwa upya. Yataka kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, ingawa kwa 8 ndipo huenda vizuri. Ukiifungua, hutokea dirisha lenye Windows nyingine ndani yake, mpya na tupu kama nyumba isiyohamiwa. Unainakili faili kutoka kompyuta yako na kuibandika humo, na kuinakili si kuifungua. Ukimaliza, unalifunga dirisha na kila kilichokuwamo hufutika.

Toleo la Home, ambalo ndilo lililomo katika kompyuta nyingi za nyumbani, halina kipengele hicho. Wenye hilo wanaweza kutumia Sandboxie, programu iliyoanza mwaka 2004 na ambayo kampuni ya Sophos iliufungulia umma chanzo chake mwaka 2020. Leo huendelezwa kwa jina la Sandboxie-Plus. Dirisha la programu inayoendeshwa ndani yake huwekewa alama ya [#] katika jina lake la juu. Usipoiona alama hiyo, jua kuwa mgeni amekwisha ingia ndani.

Hapa ndipo nataka wasomaji watue kidogo, kwa sababu zana hizi mbili hazilingani. Windows Sandbox haizioni faili zako ila zile ulizozitia humo. Sandboxie, kwa mpangilio wake wa kawaida, huzuia kuandika, haizuii kusoma. Programu iliyofungiwa humo haiwezi kuifuta picha ya babu, lakini yaweza kuitazama, na ikiwa intaneti imewashwa yaweza kuipeleka itakako, pamoja na daftari la madeni ya duka. Kwa hivyo atumiaye Sandboxie aikate intaneti kabla ya kujaribu. Na hata Windows Sandbox huwa na intaneti tangu inapofunguliwa, na kile unachokinakili upande mmoja huonekana upande wa pili. Ukiwa umenakili neno la siri la benki dakika moja kabla, umelitia mkononi mwa mgeni. Wala usiandike humo neno la siri lolote: sandboksi hulinda diski, hailindi unachokisema mwenyewe.

Lipo na jambo la pili, nalo ndilo huwahadaa hata mafundi. Mtu huijaribu programu kwa dakika kumi, haoni baya, akasema ni salama, kisha akaiweka katika kompyuta yenyewe. Programu nyingi mbaya hukagua kwanza kama zimo katika sandboksi. Zikigundua hivyo hukaa kimya kwa adabu kubwa, au husubiri siku fulani ifike ndipo zianze kazi. Ukimya wa dakika kumi si ushahidi wa wema. Sandboksi ikionyesha ubaya, uamini. Isipoonyesha kitu, bado hujui.

Tukirudi kwa kijana na flashi yake, sioni haja ya kuijaribu. Programu inayokuomba uzime ulinzi kabla ya kuifungua imekwisha jieleza. Zaidi ya hayo, kuifungua kwa hila kazi ya mtu anayeiuza ni kula haki yake, na hilo halibadiliki kwa kuwa mwenyewe yuko mbali na ni tajiri. Wala hapana dharura: GIMP huhariri picha na LibreOffice huandika barua na kufanya hesabu, zote mbili ni bure kwa ridhaa ya waliozitengeneza. Azichukue katika tovuti zao wenyewe, si katika flashi ya rafiki.

Sandboksi na iwekwe kwa haja zilizo halali lakini zenye shaka: programu ya mizani ya duka kutoka kwa muuzaji asiyejulikana, programu ya kufundishia tajwidi isiyo na jina la mtengenezaji, au kiambatisho cha ankara ambayo humkumbuki aliyekuuzia.

Na kabla ya hayo yote, leo hii, mama anunue diski ya nje na kunakili humo hesabu, kazi za watoto na picha za marehemu. Zikishanakiliwa, aziangalie kama zafunguka, kisha aichomoe diski na kuihifadhi kabatini. Programu zinazofunga faili na kudai fidia huifikia kila diski iliyochomekwa, na iliyochomekwa daima haitamfaa siku hiyo.